Muuaji wa Kiswahili

Ekerenyo, Jumatatu, 1972

Eti kitabu hakina siri! Opiyo, karani wa mizani ya majani chai, ameisoma kwa Kiingereza ile riwaya ya mauaji tunayogombania walimu wote. Anasema ukurasa wa kumi tu wameandika "she", akajua muuaji ni mwanamke.

Mimi niliwasimulia akina mama pale mizanini kwa Kiswahili: "Aliingia, akachukua kisu." Nani aliingia, mwanamume au mwanamke? Wiki nzima walimshuku daktari, mpishi, hata padri. Leo nilipomtaja mke wa marehemu, walipiga kelele.

Nakiri ujanja si wangu, ni wa lugha. Sikuwaambia.

Opiyo akaendelea kuringa. Mama Kemunto, mmoja wa wasikilizaji wangu, akamkata kauli: "Pole, karani. Wewe ulisoma tu. Sisi tulisimuliwa."