Haimo Kwenye Orodha

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima, miguu tu inanung'unika. Kambini simu hukusanywa, ndiyo maana nakuandikia kama mabibi zetu.

Daktari wa timu amenipa vidonge vya tezi ya shingo. Anasema vitanipunguza uzito na kuniongezea kasi. Mimi sijawahi kuumwa tezi. Fomu yangu ya dawa itapita mezani kwako, huko shirikisho la riadha. Niambie, nimeze?

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo.

Sijambo, ila mkubwa wangu ana tabia ya kusimama nyuma ya kiti changu. Fomu nimeiona. Nimeikagua orodha ya dawa zilizokatazwa mara tatu, hiyo haimo. Huvunji kanuni yoyote.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepungua kilo nne, na kocha ananiita Upepo. Lakini mikono inatetemeka. Tazama mwandiko huu, kama kuku kapita. Nikilala, moyo unakwenda mbio. Wenzangu wananitania kwamba moyo wangu umeanza mashindano bila mimi. Nimewaambia mdogo wangu ndiye mkaguzi, angeona hatari angesema.

Dada yako

3 Mei

Dada, shikamoo.

Sijalala tangu nipate barua yako. Majibu ya damu yalibanwa kwenye fomu ile: tezi yako ni nzima. Nilimwonyesha mkubwa kabla sijakujibu mwezi Machi. Akasema, "Sisi tunaulizwa kama imekatazwa. Kama ni salama, hatuulizwi." Mkataba wangu unaisha Juni, nikakuandikia habari za orodha tu. Nakusihi, acha vidonge leo, umwone daktari asiye wa timu.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Anayeandika ni muuguzi, mimi nasema tu. Barua yako ilifika kambini tukiwa tumeshaondoka kwenda kwenye mbio. Nilianguka kilomita ya thelathini. Daktari wa moyo amesema nisikimbie tena, hata kuwahi basi. Walinipima pia mkojo: sina kosa lolote.

Vidonge nilimeza mwenyewe, kwa hilo sikulaumu. Ila nilikuuliza kama dada, ukanijibu kama ofisi.

Wiki hii utapokea fomu za wasichana wawili wa kambi, nao wamepewa vidonge vilevile. Wana miaka kumi na tisa. Kabla hujaniandikia mimi, waandikie wao.

Dada yako