Kwa Thelma Ollerenshaw, Aliyetuachia Bi Hesketh

Mwaka umekatika, Thelma, tangu Jumanne ile ya Machi ulipotufukuza chumbani, ati tumekaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Tukatoka kwenda kuchemsha chai. Tuliporudi ulikuwa umeshaondoka. Clive, mumeo, mpaka leo anasema ulifanya makusudi, hukutaka watazamaji usiowaandalia kitu.

Tulidhani mwaka ungetutuliza. Wapi! Nyumba hii ya Padiham haijapata utulivu hata wiki moja, na tangazo hili la kumbukumbu lenyewe limeandikwa mara sita. Roz, binti yako, ndiye aliyeshika kalamu. Dada yako Audrey anazunguka nyuma ya kiti chake, anasoma juu ya bega lake na kusema, "Futa hiyo." Ukiona mambo yanarukaruka, ujue sababu.

Tuanze na kazi. Ulikuwa karani mwenye umri wa miaka kumi na saba katika kiwanda cha kufuma pamba, ukapiga simu ya ndani kwa kuiga sauti ya meneja na kuwaruhusu wafumaji wote waende nyumbani mapema. Wakaenda. Nawe ukaenda, moja kwa moja, na hukurudi tena. Jumamosi iliyofuata ukasimama katika klabu ya wafumaji, katikati ya bingo na chakula. Mshereheshaji akawaambia watu, "Jamani, mvumilieni huyu binti, pai bado hazijaiva." Ukavaa koti la mama yako, ukawa yule mwanamke anayekata tiketi kwenye bwawa la kuogelea. Pai ziliiva, zikapoa, na hakuna aliyenyanyuka.

Halafu redio. Wanawake sita katika kipindi kimoja, wote wewe. Msikilizaji wa Preston aliandika barua ya kulalamika kwamba yule wa Burnley anamkatiza maneno yule wa Wigan, akataka aonywe. Barua hiyo uliitundika chooni na bado ipo.

Kila mhusika ulianza naye miguuni. "Nipe viatu," ulikuwa ukisema, "mengine yatapanda yenyewe." Maneno ya watu uliyaokota kwenye foleni ya posta, ukayaandika kiganjani kwa kuwa daftari ulikuwa unalisahau. Clive alikuwa akikushika mkono kanisani anakuta umeandika: *shemeji yake Norma ana mawe ya figo na anajivunia*. Nyumbani hukuchekesha mtu. Uliosha vyombo vibaya, ukaimba vibaya zaidi. Na kwenye upigaji picha hukugusa chakula mpaka mafundi wa taa wapate chao, hilo kila mtu aliyekuja kutupa pole amelisema.

Kisha ukamleta mhusika wako Bi Hesketh kwenye televisheni, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nchi nzima ilimpenda. Anaingia nyumba ya watu, anafuta kiti kwa leso kabla ya kukaa, anasema, "Mimi simo, lakini…" halafu anaongea nusu saa. Usiku wa kwanza Audrey alikuwa sebuleni kwake na Ken, mume wake wa wakati ule. Ken alicheka mpaka akamwaga chai. "Huyu si wewe huyu?" akasema. "Hata leso!" Jumatatu Audrey alifika kazini, kwenye ofisi ya shule, na ukumbi mzima ukamwimbia, "Mimi simo, lakini!"

Akakupigia simu.

"Umenianika, Thelma."

"Dada, ni mchezo tu."

"Mchezo wa nani? Mimi sikuomba kuchezwa."

Akakata simu. Miaka tisa hamkuzungumza, isipokuwa siku ya mazishi ya mama yenu, mlipozungumzia sandwichi. Ulipougua alikuja kila siku, kwa miezi minne. Alikuosha nywele, akapiga pasi mashuka yako, akagombana na wauguzi kwa ajili yako. Juu ya Bi Hesketh hakusema neno, nawe hukusema neno. Sisi tulikuwepo, tulikuwa tunaona namna mnavyolizunguka jambo hilo, na hatukuthubutu kuligusa.

Kwa hiyo Januari, Roz alipoanza kuandika tangazo hili na kufika kwenye majina ya wanaokukumbuka, Audrey alisema, "Mimi usiniandike."

"Mama Mkubwa, wewe ni dada yake wa pekee."

"Najua mimi ni nani kwake. Sijui nilikuwa nini kwake, dada au kichekesho. Siku nikilijua hilo, utaniandika."

Alimaanisha. Tulimbembeleza, akachukua koti akaenda zake.

Na mji nao haukutusaidia. Baraza la mji lilipotangaza kwamba litakuwekea kibao cha kumbukumbu ukutani pale klabuni, wanawake wa Padiham walizuka kila mmoja na ushahidi wake. Doris Shuttleworth wa duka la samaki na chipsi aliliambia gazeti kwamba Bi Hesketh ni yeye, mwendo ule ni wake. Mwenye saluni ya mtaa wa pili akasema hapana, ni marehemu mama yake. Audrey alisoma gazeti hilo amesimama jikoni kwetu, shingo imemwiva kwa hasira.

"Waongo wakubwa!"

"Waache wamchukue Bi Hesketh basi," Roz akamwambia. "Si ulisema Mama alikutukana?"

"Alinitukana mimi! Tusi ni langu. Doris anajitia nini humo?"

Clive alicheka, akajuta. Maskini Audrey, alikuwa hataki kuwa Bi Hesketh na hataki mwingine awe. Alikuwa haketi. Alikuja kwetu asubuhi kupanga upya kabati lililopangwa jana, alikwenda sokoni akarudi bila kitu. Tulimwonea huruma, na kusema kweli alituchosha.

Kibao kilizinduliwa Jumamosi mbili zilizopita, adhuhuri. Kulikuwa na pai na njegere, na hotuba ndefu ya diwani ambayo ungeiiba yote. Halafu akasimama Pauline Gadsby, mtunza mavazi wako wa miaka ile, mwenye miaka themanini na tatu sasa, sahani bado mkononi.

"Watu huniuliza kipindi cha Bi Hesketh kilikufaje," akasema. "Magazeti yaliandika kwamba Thelma alivimba kichwa. Mimi nilikuwepo chumbani, kwa hiyo nisikilizeni mimi."

Thelma, sisi tuliyaamini magazeti. Clive peke yake hakuyaamini, lakini hata yeye hukumwambia zaidi ya "nimechoka nao." Na Audrey alisimama mbele ya watu kwenye bucha akasema, "Kiburi kimemponza." Hilo amesema tuliandike.

"Ilikuwa Februari, mwaka wa tisini na tatu," Pauline akaendelea. "Waigizaji wamezunguka meza, wanasoma skripti mpya kwa mara ya kwanza. Thelma kavaa viatu vya Bi Hesketh, maana bila viatu hasomi. Akafika ukurasa wa tisa. Mume wa Bi Hesketh anamtoroka, anakwenda kuishi na mwanamke wa duka la mazulia, na mtaa mzima unamcheka. Thelma akafunga skripti. Mwandishi akamwambia, 'Hapo ndipo watakapovunjika mbavu.' Akajibu, 'Najua. Huyu mwanamke mcheke akiwa anaongea. Akiwa jikoni analia, hachekwi na mtu.' Mtayarishaji akasema, 'Tupe sababu moja tu ya maana.' Thelma akaisukuma skripti mbele. 'Basi unasoma, au kipindi hakuna.' Akainama, akavua viatu, akaviweka juu ya skripti, akatoka na soksi tupu. Nje theluji! Nikamkimbilia navyo mpaka barabarani. Nikamwambia, 'Rudi, mpenzi, waambie sababu, watakuelewa.' Akasema, 'Sababu yenyewe si yangu, Pauline.' Mpaka leo sijui alimaanisha nini."

Watu wakapiga makofi. Audrey hakupiga. Alikwenda nje hadi kwenye maegesho ya magari, na Roz akamfuata.

Pauline hakujua, na ukumbini walijua wachache sana. Januari ya mwaka huo Ken alimwacha Audrey, akahamia mji wa Nelson kwa mwanamke anayeuza tiketi za safari. Audrey alificha. Shuleni alisema Ken amepata kazi kwenye visima vya mafuta huko Aberdeen, na uongo huo aliubeba peke yake mpaka kiangazi. Aliyeambiwa kweli ni mama yenu tu. Sasa tunajua mama yenu alimwambia nani.

"Alijua," Audrey akasema pale nje. "Mimi simpigii simu, simwandikii, nampita barabarani, naye alijua. Wangeonyesha kitu kile, Roz, nisingeweza kutoka mlangoni. Shule nzima ingenifuata nacho."

"Ndiyo sababu hakusema kwa nini."

"Miaka mitatu hakupata kazi ya maana! Alikuwa sauti ya mchuzi kwenye matangazo ya biashara. Na mimi huyo kwenye bucha, na mdomo wangu!" Akalia, akiegemea gari la mtu asiyemjua. Halafu akakasirika. "Na kwa nini asiniambie? Nimemwosha nywele miezi minne. Mtu ana sauti za wanawake arobaini, hiyo moja imemshinda nini?"

Roz akampa leso. Jibu hatunalo hata leo, Thelma. Tungependa kukuuliza. Baadaye ulirudi jukwaani pale Manchester, ukaigiza yule mama aliyefiwa na mwanawe mgodini, na watu waliokuja kucheka wakatoka wanafuta macho, na wakakupa tuzo. Usiku ule ulitushukuru sote kwa majina, hata mbwa. Hukusema miaka ile mitatu ya katikati uliipoteza kwa ajili ya nani. Tunakuvulia kofia, na tumekukasirikia kidogo.

Wiki mbili Audrey hakupiga simu wala hakupokea. Leo asubuhi ameingia bila kubisha hodi, bado na koti.

"Nisomee majina."

Roz akamsomea.

"Weka langu."

"Tukuweke juu, Mama Mkubwa? Wewe ndiye mkubwa."

"Mwisho. Pale klabuni mwenye jina kubwa ndiye anayefunga onyesho. Samahani, shemeji."

"Hamna neno, dada," Clive akasema. "Mimi tangu zamani ni wa kupasha ukumbi joto."

"Tuandike 'dada yako mpendwa'?" Roz akauliza.

"Mpendwa! Kwani mimi kadi ya Krismasi? Andika jina langu, halafu andika mimi ni nani. Andika kwa herufi za kusomeka, Doris naye alione."

Basi tumeandika. Hatukusahau, Thelma, na hatutajaribu kukusahau, sisi:

Mumeo, Clive. Binti yako, Rosalind (Roz), na mkweo Desmond. Wajukuu zako, Bethan na Imogen. Rafiki yako, Pauline Gadsby.

Na dada yako, Audrey, ambaye ndiye Bi Hesketh.