Mupunga Mwekundu wa Serikali

Kindu, 4/9/1999

Yaya Sharifa, dada yangu mukubwa,

Salamu aleikum. Watoto hawajambo? Mimi niko muzima, ila mushahara wa serikali tumeusahau. Uliandika kwamba askari wamekomba mupunga wote wa Kibombo, hakuna hata punje ya kupanda. Basi Onema, yule wa baiskeli, anakuletea gunia la mbegu kutoka ofisi yetu ya kilimo. Kwa sheria, sisi wa ofisi tunapaswa kufuatana na mbegu na kufafanulia kila nyumba. Lakini njia imejaa askari, yaya, na mimi naogopa, sitakudanganya. Tena wewe umelima kabla sijazaliwa, nikufundishe nini? Pandeni tu.

Mudogo wako,
Kasimu

Kibombo, 19/9/1999

Kasimu, mutoto wa mama,

Aleikum salamu. Gunia limefika, aksanti sana! Lakini ee, mupunga gani huu umepakwa rangi ya mudomo? Mounira amecheka mpaka machozi. Nusu tumepanda. Nusu, usinikasirikie: watoto wana majuma mawili kwa matembele matupu. Nimeuosha maji matatu mpaka wekundu ukatoka, nikauanika, nikautwanga. Leo mchana Mounira na Yusufu watakula wali! Mimi nafunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Nitakula magaribi.

Yaya wako,
Sharifa

Kindu, 24/9/1999

Yaya,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Musikule! Ile rangi njo alama ya sumu. Mbegu zote tunazitia sumu ya wadudu, na maji hayaitoi. Njo maneno niliyopaswa kuja kusema kwa kinywa changu. Kama watoto wamekula, kimbia nao lopitalo, kwa munganga. Nijibu hata neno moja. Nakuja, hata kwa miguu.

Kasimu

Kibombo, 11/9/2024

Kasimu,

Salamu. Barua yako ile niliipata, mukono ukakataa kujibu. Ilikuwa imechelewa: siku ile ile ya wali Mounira alikufa saa kenda, Yusufu kabla ya magaribi. Mimi nilikuwa bado sijafuturu. Ulisema unakuja kwa miguu. Nilikungoja sana.

Sasa wamama wa mashamba wamenichagua mukubwa wao. Ofisi yenu imetuma magunia arobaini ya mbegu, na karatasi ya kutia sahihi kabla ya kuyagawa iko na jina lako, eti mukubwa wa mbegu. Nimeikataa. Mvua imeanza, magunia yamelala kituoni, wamama wananitukana. Wacha watukane. Sitatia sahihi mpaka usimame mbele yao na useme yale maneno kwa kinywa chako. Vita iliisha zamani, njia iko wazi, hata wachuuzi wa samaki wanapita.

Usipokuja, tutakaa na njaa. Njaa tunaijua.

Mama Mounira