Mifuko mitano ya dada Feresa

Siku ya ine, hapa Kashebere.

Andika pole pole, mujukuu, usinikate maneno. Dada yangu mukubwa, Feresa, hatoke tena mu nyumba. Tangu tukimbie vita kule Nyamitaba, miguu yake ilikatala, na kinywa pia. Miezi yote hii hajaniambia hata neno moja. Njo kitu iko inanikula roho.

Kuko mama mumoja mushonaji wa proje ya kusaidia wakimbizi, mwenye anatengenezea bazee bitu bya kuchezesha mikono, alileta kwanza kitambaa ya bifungo, ya kufunga na kufungua. Feresa akaisukuma. Mimi nikacheka:

"Mama, huyu alilima kilima muzima! Unamupatia bifungo kama mutoto?"

Hakukasirika. Akaniuliza: "Basi mikono yake inajua nini?"

Hakuna mutu alishatuuliza vile. Nikamwambia: maharagi. Kwetu tunapanda yenye kuchanganyika, kisha mavuno tunachagua mbegu. Akaenda kushona ingine, na mifuko mitano, pembeni akainua kidogo, maharagi isianguke chini.

Leo tulimuwekea ile kitambaa ku magoti, na maharagi ya kuchanganyika juu yake. Mikono ikaanza yenyewe: nyekundu huku, nyeusi huku, ya madoadoa kule. Mimi, sababu ya njaa, nikachota kidogo ya kupika. Akanipiga ku mukono, paa!

"Wacha! Hiyo ni ya kupanda."

"Kupanda wapi, dada?"

"Kwetu! Wewe mujinga?"

Mujukuu, juu ya nini unalia? Andika: leo dada yangu ameniita mujinga.