Waliokunywa Supu

Rongai, 8 Februari 1959

Kaka yangu mpendwa Odero,

Salamu nyingi. Ningesema nyingi kama majani ya mahindi, lakini viwavi wameyamaliza. Hujambo huko Nakuru, jikoni kwa mapadri? Huku tunapumua tu. Bwana wa shamba amepunguza posho, na mume wangu tangu aende kwenye chai Kericho hajaleta neno. Adero anauliza mjomba atamletea nini. Wewe na mpwa wako mliitwa kwa jina la dero, ghala la nafaka, na ghala lenyewe tupu!

Kaka, kuna mhubiri kambi ya juu anayegawa unga. Mkatoliki hapewi mpaka avue rozari, abatizwe upya. Jirani yangu Cherono amekubali. Nifanyeje?

Dada yako,
Achola

Nakuru, 19 Februari 1959

Dada yangu Achola,

Mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Unga niliokuwa nikiwaletea ulichukuliwa na polisi stesheni, eti mahindi hayasafiri bila kibali. Kibali nimeomba, karani kila siku ni "njoo kesho".

Nilimsomea Padri barua yako akiwa mezani. Akaweka uma chini. Anasema kwao Ayalandi, miaka zaidi ya mia iliyopita, viazi vilioza shambani, watu wakafa barabarani midomo kijani kwa kula nyasi. Wahubiri wengine wakawapikia supu: acha dini yako, unywe. Waliokunywa walipona, lakini mpaka leo wajukuu wao wanaitwa wanywa supu, na watu hawataki kuoa kwao. Akasema, "Mwambie asinywe."

Basi usinywe, dada. Mvumilivu hula mbivu. Mama alitulea Kanisani, usimwaibishe.

Kaka yako,
Odero

Rongai, 11 Machi 1959

Kaka Odero,

Salamu. Nimekutii. Tunakula mizizi na majani ya porini. Adero amevimba miguu na nywele zimegeuka nyekundu. Hachezi tena. Mtoto wa Cherono anakimbia, namsikia kutoka hapa nilipokaa. Nimechoka na heshima hii. Nijibu upesi, neno moja tu: ninywe au nisinywe?

Dada yako,
Achola

Nakuru, 27 Machi 1959

Dada yangu,

Kunywa! Usingoje kumaliza kusoma, nenda.

Nilikuwa safarini Londiani na Padri, barua yako ikalala posta. Jana nilimpa aisome mwenyewe. Alilia kama mtoto. Nyanya yake aliinywa ile supu, wadogo zake wote wakiwa wamekwisha kufa. Baadaye walirudi Kanisani, lakini hata yeye Padri alitemewa mate shuleni, na baba yake akamtoa awe padri ili jina lisafike. Nikamuuliza, "Sasa mbona ulimkataza?" Akasema, "Ilikuwa aibu yangu ikisema."

Chukua unga, Achola. Aibu nitaibeba mimi. Mwambie Adero mjomba anakuja.

Kaka yako,
Odero

Rongai, 5 Aprili 1959

Odero,

Nakusalimu. Barua yako imenikuta kwenye matanga. Tulikuwa tumeshamzika Adero.

Mwambie Padri simlaumu nyanya yake. Wewe nilikutii kwa sababu nilikupenda.

Kaburi lilichimbwa na mume wa Cherono na wenzake wa kambi ya juu. Walikuja na unga wao, wakapika uji, wakanipa kikombe. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Nikanywa.

Ulikuwa mtamu, Odero. Hilo siwezi kukusamehe. Usije, na usiandike.

Achola