Gari Lisilo na Tikiti

Sib, Maskati
Oktoba 1970

Kwa mama yangu, Bi Zuhura,

Shikamoo, mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na ule mguu uliokuwa ukikuvimba umetulia. Mimi afya ninayo. Rehema yu hai na nguvu zinamrudia kidogo kidogo. Nnaanza na hilo ili usisome yaliyobaki na moyo umekupaa. Kaa kitako kwanza, na kama dada Mwana yuko karibu, mwite asome nawe.

Mama, uchungu ulimshika Rehema Ijumaa alfajiri, kabla ya wakati wake. Mkunga wa hapa Sib akampapasa tumbo, kisha akatoka uani akaniambia, "Mtoto amekaa vibaya. Mpeleke hospitali Matrah, na usichelewe." Gari za kazini kwetu, kule kwenye uwanja wa ndege unaojengwa, Ijumaa hazitembei. Nikakimbia sokoni kutafuta gari la abiria.

Wajua nilivyozoea mabasi ya kwetu. Unapanda, kondakta anakuja, unalipa, unapewa tikiti, na hapo ulipokaa ni pako mpaka ushuke. Hapa bado ni mgeni, sijapata kusafiri ila kwa gari la kazi. Nikaikuta Landrova mbele ya mkahawa, dereva wake, Khalfan, anafunga magunia ya ndimu kavu juu ya paa. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha chuoni tikiti zinauzwa wapi. Nikasema tadhkira, kama tulivyofundishwa.

Akanitazama. "Ukumbusho?" akasema. "Ukumbusho wa nini? Mimi sisahau."

Kumbe kwao neno lile ni hilo tu, ukumbusho. Waliokuwa wakinywa kahawa wakacheka. Nikamwambia Khalfan mke wangu yuko katika hali gani, na kicheko kikakatika pale pale. Nikatoa fedha zote za mfukoni, nikataka aniuzie gari zima. Hakuzigusa.

"Ndugu yangu, nafasi zote nimeshawapa watu tangu jana. Neno limeshanitoka. Nitakuuzia vipi cha wenzio? Waombe wenyewe."

Basi nikawaomba mmoja mmoja. Bedui aliyekuwa akipeleka mbuzi wake kuuza alishuka hata sijamaliza kusema. Vijana wawili wakashuka nyuma yake. Akabaki Mzee Saif, jicho moja amelifunga kitambaa.

"Mimi sishuki," akasema. "Hili moja limeshaharibika. Nikikaa hapa na la pili litakwenda."

Nikampandishia sauti, mama, mtu wa umri wa marehemu baba. Khalfan akanishika bega. "Mzee atakaa mbele na mimi. Nyuma pote ni pa mkeo. Ingia, twende tukamchukue."

Mkunga akapanda pamoja nasi. Njia ya huku ni mchanga na mawe matupu. Kila tukiingia shimoni Rehema aliuma pindo la kanga asitoe sauti mbele ya wanaume. Mzee Saif, bila kugeuza uso nyuma, akaanza kusoma Suratu Maryam kwa sauti ya juu. Akifika mwisho anaanza tena.

Hatukuwahi. Tulipokuwa tukivuka bonde la mto mkavu magurudumu yalizama. Tukashuka wanaume kusukuma, hata mzee na jicho lake, na huku nyuma mkunga amemsitiri Rehema kwa shuka. Mtoto alizaliwa hapo, katanguliza miguu. Alilia mara moja, mama. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nikangoja alie tena, nikangoja, mpaka mkunga aliponitazama.

Gari likanasuka. Hospitali wakaizuia damu iliyokuwa ikimtoka Rehema, wakaniambia mke wangu atapona. Mzee Saif hakwenda kutazamwa jicho kwanza. Alisimama nami uani, na Khalfan pia, tumsalie mtoto. "Huyu amelia," akasema, "ana haki ya jina. Mmemwita nani?" Nikaingia ndani kumuuliza Rehema. Alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala.

"Zuhura," akasema.

Tumemzika Matrah. Alikuwa na nywele nyingi.

Sasa Rehema yupo nyumbani, chakula anakula ukimsimamia. Majirani ni watu wema, wanakuja na uji na mikate, lakini kila anayeingia humwambia, "Usilie, Mungu atakupa mwingine," naye hugeukia ukutani. Nami sijui la kumwambia. Natoka asubuhi kwenda kazini kama mtu anayekimbia nyumba yake. Mama, wewe ulizika wawili kabla yangu. Niandikie uliambiwa neno gani ukalisikia.

Nisalimie sana dada Mwana na shemeji. Msalimie Ami Hamad, umwambie dua aliyonifunza naisoma. Na Bi Shani, jirani yetu wa ukuta mmoja aliyemtwangia Rehema dawa za uzazi, mwambie zilifika na zilitumika, asije akajilaumu.

Rehema anakuamkia. Nilipomuuliza ana neno gani la kukuletea, alisema, "Mwambie mama, watu wakimuuliza ana wajukuu wangapi, na huyu amtie."

Ni mimi mwanao akuombaye radhi na dua,
Nassor