Chaki Kwenye Milango

Jumatatu, 3 Machi 1958

Kupima watoto, kama kila Jumatatu. Mizani imening'inia kwenye boriti ya baraza ya fwaye, nyumba ya mafunzo ya akina mama; mama mmoja anatoa mtoto, mwingine anapokea. Mimi nasoma kilo, naandika. Mvua ilinyesha asubuhi, wengi walichelewa.

Hamisi wa Zaina amepungua tena. Miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu. Ni bwaki, ugonjwa wa kukosa lishe, hakuna shaka. Zaina ana mimba nyingine na alimwachisha ziwa siku ile ile alipojua. Hirizi ya mkononi mwa mtoto imelegea hadi inateleza kiwikoni. Nilipomning'iniza kwenye ndoano hakulia. Watoto wote hulia pale. Yeye alinitazama tu. Naogopa mtoto asiyelia.

Mamzeli, Mbelgiji anayesimamia fwaye, alisema kwa Kifaransa kwamba asipopata maziwa ya unga na uji wa karanga kila siku atakufa. Alisema mbele ya Zaina. Zaina hakuelewa. Mimi nilielewa.

Jumatano, 5 Machi

Ziara za nyumbani, mtaa wa Waislamu. Ni sehemu ya mwisho ya staji yangu, mazoezi ya kazi. Bila ziara hizi Mamzeli hatatia sahihi, na bila sahihi yake shule ya Bukavu hainipi diploma ya kazi ya jamii. Miaka yote hiyo ya kusoma, kisha nirudi Fizi kwa baba mikono mitupu. Hapana.

Nyumba za Bukavu zina namba. Hapa Baraka hakuna, na vichochoro vinapinda. Jana niliingia nyumba moja mara mbili, wakanicheka. Leo nimebeba chaki. Msalaba mdogo kwenye mlango niliomaliza. Duara kwenye mlango wenye mtoto wa bwaki. Kazi imekwenda vizuri sana.

Zaina alikuwa shambani. Mama mkwe wake, Bibi Mwamini, alinipa kiti na maji. Nikaweka duara.

Ijumaa, 7 Machi

Mtoto mmoja karibu na msikiti amefariki. Homa ya ghafla. Mlango wao ulikuwa na duara. Wamemzika kabla ya sala ya adhuhuri.

Nilikwenda kuwapa pole. Wanawake walivuta kanga zao kando. Hakuna aliyenisogezea mkeka. Nilisimama, nikasema maneno yangu, nikaondoka. Labda kwa sababu mimi ni Mkatoliki.

Jumamosi, 8 Machi

Si kwa sababu hiyo.

Mama mdogo, ambaye ninakaa kwake hapa Baraka, alirudi sokoni na kikapu kitupu. Wamekataa kumuuzia.

"Yosefina, uliandika nini ku milango ya bantu?"

"Alama tu, mama. Nisipotee."

"Banasema ni alama ya mutumbula. Banasema weye njo unamuonyesha nyumba."

Nilicheka. Kisha nikaona uso wake, nikaacha.

Mutumbula tulimwogopa tangu utoto. Anakamata watu, anawapeleka kwa Wazungu, hawarudi. Sasa inasemwa kwamba msalaba ni wa waliokwisha kuuzwa na duara ni la watakaochukuliwa. Msalaba! Kwenye milango ya Waislamu! Sikufikiri hata kidogo. Kwangu ulikuwa alama ya kazi iliyokwisha, basi.

Na wazee wanakumbuka miaka ya ugonjwa wa usingizi, watu wa serikali walipotia rangi kwenye vibanda na kuwaondoa waliomo. Wengine hawakuonekana tena. Tulisoma habari hizo Bukavu, katika somo la usafi. Zilifundishwa kama ushindi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kupima. Hakuna aliyekuja. Mizani ilikuwa inazunguka yenyewe kwa upepo wa ziwa.

Njiani kurudi, jiwe lilinipiga mgongoni. Watoto wakaanza kuimba: "Mutumbula! Mutumbula!" Wengine ni wale wale niliowapima. Nilikimbia. Nilikimbia na sare ya shule, viatu mkononi, mbele ya watu. Mgongo unauma lakini si huo unaonisumbua. Sijui jiwe la pili litakuwa kubwa kiasi gani.

Nilirudi fwaye kwa njia ya nyuma, nikamwambia Mamzeli. Hakushtuka. Kesho atakuja na polisi wawili, wamchukue Hamisi kwa nguvu hadi hospitali, na mimi nimalize ziara zangu chini ya ulinzi wao. Nikasema ndiyo Mamzeli. Kwa muda mfupi nilifurahi, kweli. Polisi, bunduki, hakuna jiwe.

Kisha nikaiona picha yenyewe. Polisi wanamtoa mtoto kwenye mlango wenye duara langu. Kila walichosema watu wa mtaa kitakuwa kimetimia. Na Zaina hatangoja. Atavuka ziwa naye, au atamficha milimani, na huko hakuna maziwa ya unga.

Nikaomba niende peke yangu kwanza. Alinitazama kana kwamba nimeugua. Amenipa hadi kesho saa sita mchana.

Sitaki kwenda.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda.

Ndoo ya maji, kitambaa. Mama mdogo alikataa kufuatana nami, kisha nikamwona nyuma yangu, mbali, na mwavuli wake, kana kwamba anaenda zake.

Nilianza na mlango wa kwanza. Nikapiga hodi, nikasema, "Nilikosea kuchafua mlango wenu, nimekuja kuuosha." Nikaosha. Mlango wa pili. Wa tatu. Maji yalinimwagikia miguuni. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanaongezeka. Sikugeuka. Kama ningegeuka ningekimbia tena.

Kwa Bibi Mwamini mlango ulikuwa wazi na yeye amekaa kizingitini. Zaina alikuwa ndani, gizani, na Hamisi mapajani. Vitu vyao vilikuwa vimefungwa tayari kwenye shuka.

"Weye mutoto," Bibi Mwamini akasema, "chaki umeosha. Na ile ndoano? Nani anapimaka kitu kama hataki kukiuza?"

"Ni juu ya kujua kama mutoto anakomaa, Bibi."

"Mimi nililea saba. Hakuna hata mmoja niliyemutundika kama nyama."

Shuleni tulifundishwa kusoma mizani, si kujibu swali hili.

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti: "Tumupime yeye kwanza! Tuone bei yake!"

Wakacheka, lakini kicheko kibaya. Wakanishika mikono. Karibu pale kuna kibanda cha mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, na mizani yake kubwa ya magunia. Wakanikalisha kwenye gunia, wakafunga kamba, wakanivuta juu. Mama mdogo alikuwa anapiga kelele kwa Kibembe.

Juu kule kuna ndoano na boriti. Chini kuna nyuso. Hakuna mkono wa kushika. Ndivyo watoto wanavyoona, kila Jumatatu, kwa mikono yangu. Nikaanza kulia, kwa nguvu, kama mtoto mdogo.

Mwenye ndagala, mzee mwenye kofia ya kushonwa, akajisogeza kusoma. "Kilo makumi ine na nane. Na viatu! Mwenye kuuza huyu atakula hasara."

Mwanamke mwingine akadakia: "Mufupa mutupu! Bazungu banamulisha nini kule fwaye?"

Hapo wakacheka kicheko kingine. Wakanishusha. Mtu akanifuta uso kwa kanga inayonuka samaki. Bibi Mwamini alikuwa amesimama mbele yangu.

"Uliogopa?"

"Sana, Bibi."

"Vema. Ingia sasa."

Masharti yake: ndoano isimguse Hamisi tena. Maziwa yakorogwe nyumbani kwake, machoni pake. Mimi ninywe kwanza. Nikakubali yote. Nikakoroga, nikanywa, Zaina akamnywesha kwa kijiko.

Saa sita nilimkuta Mamzeli njiani na polisi wake. Nikasema mtoto anakunywa. Akauliza kilo zake. Nikasema sina kilo. Hakupendezwa. Lakini aligeuka, akarudi na polisi wake.

Alhamisi, 13 Machi

Amekunywa. Ametapika. Amekunywa tena, kidogo kidogo. Mimi pia nimekunywa. Sipendi maziwa haya.

Jumatatu, 17 Machi

Baraza tupu tena. Uji wa karanga amekubali. Bado halii.

Jumatatu, 24 Machi

Naogopa kuliko siku ya jiwe.

Uvimbe umeshuka, na chini yake hakuna kitu. Mifupa. Miguu kama vijiti. Bwaki ikianza kupona huonekana hivyo, tulifundishwa. Bibi Mwamini hakufundishwa. Anachoona ni kwamba nimekuja na unga mweupe na mjukuu wake ameyeyuka. Wanawake wanapita mlangoni, wanachungulia, wanaondoka kimya. Akifa sasa, amekufa kwa mkono wangu. Sitatoka hai mtaa ule. Na mimi mwenyewe, je, nina hakika? Nimesoma ukurasa mmoja.

Ramadhani imeanza. Nyumba nzima imefunga, isipokuwa Zaina kwa ajili ya mimba. Leo nilikoroga, nikainua kikombe kama kawaida. Bibi Mwamini akaushika mkono wangu.

"Acha. Usinywe mbele ya bantu banaofunga. Mupe mutoto."

Nilifika kwenye ukuta wa msikiti ndipo nikaelewa alichokisema. Anampa Hamisi nisichokionja. Nikakaa chini pale pale.

Sasa siwezi kabisa kukosea.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama watatu wamekuja kupima. Nimetoa ndoano. Mama anasimama na mtoto kwenye mizani ya kukanyaga tuliyoazima kwa dispensari, kisha anasimama peke yake, ninatoa kilo zake, zinabaki za mtoto. Ni kazi ndefu. Mamzeli anasema ni kazi ndefu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mamzeli ametia sahihi. Ameongeza mstari kwamba sikufuata utaratibu kwa mtoto mmoja. Jumatatu naondoka na lori hadi Uvira, kisha Bukavu.

Jioni nilikwenda kuaga. Idi inakaribia, Zaina alikuwa anachambua mchele mlangoni, tumbo limekuwa kubwa. Mlango umepakwa udongo mpya. Mahali pa duara hapaonekani, ingawa mimi napajua.

Bibi Mwamini alikuwa amempakata Hamisi. Hirizi imembana mkono, imeacha alama kwenye ngozi. Aliutafuna uzi wake kwa meno hadi ukakatika, akachukua mwingine mrefu zaidi, akaanza kufunga.

Hamisi hakutaka. Akavuta mkono, akafungua mdomo, akalia. Alilia kwa hasira, machozi tele, miguu ikipiga hewa.

Tulikaa tukimsikiliza. Hakuna aliyembembeleza.